Dawa ya Mishipa

Kila asubuhi mama yake Nukta alitoka nyumbani kwa vipande. Kwanza ulitoka mkoba, kisha mguu mmoja, kisha mguu wa pili, na sauti ndiyo iliyobaki ndani mpaka mwisho. Alikuwa dobi katika hoteli, na mashuka ya wageni hayamngoji mtu.

"Nukta, babu yako ameze mbele ya macho yako. Mbele ya macho, siyo mbele ya masikio. Akishameza ndiyo utie alama."

"Ndiyo, mama."

"Usiniambie ndiyo huku unatazama dirishani."

"Ndiyo, mama," alisema Nukta, safari hii akimtazama.

Kadi yenyewe ilining'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameichora mistari, kisanduku kimoja kwa kila siku, na juu yake akaandika: Dawa ya mishipa, kidonge kimoja asubuhi. Babu alikuwa na presha. Si presha ya kumwangusha mtu njiani. Ilikuwa ile ya kimya, isiyouma wala kuwasha, ambayo mwenye nayo huijua kwa kuambiwa tu.

Nukta lilikuwa jina la utani, na aliyempa ni babu huyo huyo. Babu alikuwa fundi wa mabango. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye harufu ya rangi, msasa na mbao mbichi, na karibu kila duka mtaani lilivaa mkono wake juu ya mlango. Aliandika herufi bila kupima. Alivuta uzi wa chaki mara moja, akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja, basi. Mjukuu wake alipokuwa na miaka mitano alimpa brashi ndogo na kazi ya kutia nukta juu ya kila i na kila j. Sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja, na nukta bado zilikuwa zake. "Bila huyu," babu aliwaambia wateja, "mji mzima ungesoma vibaya."

Miezi ya kwanza Nukta aliifanya kazi ya kadi vizuri. Alileta maji, alileta kidonge, alisimama mpaka koo la babu lipande na kushuka. Ndipo alipotia alama.

Lakini nje ya lango alikuwepo rafiki yake aliyeitwa Kamba, kwa kuwa kamba ya kuruka ilikuwa yake na hakumwazima mtu. Aliyewahi ndiye aliyeruka kabla ya kengele ya shule. Aliyechelewa alizungusha kamba tu, mpaka mkono ukafa ganzi.

"Nukta, unakuja au unaota mizizi?" Kamba aliita.

"Nenda, mjukuu wangu," babu alisema, macho yakiwa kwenye kibao. "Kiache hapo kidonge. Nikimaliza herufi hii nakimeza."

Siku ya kwanza Nukta alisita. Siku ya pili hakusita sana. Baada ya wiki mbili aliweka kidonge kwenye kisahani, akatia alama, akakimbia. Mwisho, ili asisumbuke kila siku, Jumatatu asubuhi alitia alama saba kwa mpigo. Hakuwa mtoto mbaya. Aliona tu kwamba kadi imejaa, mama ameridhika, babu hajalalamika, na yeye ameruka kamba. Nani aliyeumia?

Jibu lilikuja polepole, na lilikuja likichekesha.

Siku moja kinyozi wa mtaa wa pili alifika karakana na kibao chake kipya kichwani. Alikishusha, akakiegemeza ukutani, akaweka mikono kiunoni.

"Fundi," alisema, "mimi ni kinyozi. Sasa huyu kinyzi ni ndugu yangu wa wapi? Mbona mama hakuniambia?"

Wote wakatazama. Kibao kilisema: Kinyzi Msafi. Nukta mwenyewe alikuwa ametia nukta juu ya kila i siku iliyopita, na hakusoma.

"O iko njiani," babu alisema. "Imechelewa kama mjukuu wangu anavyochelewa shule."

Kinyozi alicheka mpaka akashika tumbo. Babu naye alicheka. Lakini mgeni alipoondoka, babu alibaki akikitazama kile kibao kwa muda mrefu, kitambaa cha kufutia kikiwa mkononi mwake. Mwezi ule ilikuwa herufi ya tatu kupotea.

Halafu babu mwenyewe akapotea. Alikwenda kumpelekea mteja kibao, mitaa minne tu kutoka nyumbani, njia aliyoipita miaka thelathini. Mchana ukapita. Alasiri Nukta na Kamba walipokuwa wakirudi kutoka shule walikuta watoto wamekusanyika penye bomba la maji, wanacheka. Katikati yao alikaa babu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kibao kwapani.

"Wanangu," aliwauliza kwa upole, "nyumba ya fundi wa mabango iko upande gani?"

"Si ni wewe, babu?" mtoto mmoja alisema, na wenzake wakaangua kicheko tena.

Nukta hakucheka. Alimshika babu mkono, na mkono ule ulimfuata kama mkono wa mtoto mdogo. Kamba aliikunja kamba yake, akaitia kwenye begi, akatembea nyuma yao bila kusema neno. Hilo peke yake lilimtisha Nukta, maana Kamba hakuwa mtu wa kunyamaza.

Jumapili mjomba alikuja. Mjomba alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno machache na sauti kubwa. Alikaa mezani na dada yake, naye Nukta akajifanya anafua soksi nje ya dirisha.

"Baba amezeeka," mjomba alisema. "Kichwa kimechoka. Kesho atapanda ngazi na rangi mkononi asahau yuko juu. Tufunge karakana. Mimi nitamchukua."

"Kwako nani anakaa naye? Wewe wiki nzima uko barabarani."

"Tutafunga lango. Hatatoka."

"Kaka, baba si mbuzi."

"Basi niambie wewe."

Mama alisema kwamba zahanati imewapa barua ya kwenda hospitali kubwa, kwa daktari anayepiga picha za vichwa vya wazee, na kwamba wangoje picha kabla ya kufunga chochote. Babu alikubali kwenda kwa sharti moja: Nukta awepo.

Chumba cha mashine kilikuwa na baridi ya kuumiza meno. Mashine yenyewe ilikuwa duara kubwa jeupe lenye tundu, na babu aliingizwa humo amelala chali, kama mkate unavyoingizwa tanuri. Nukta, mama na mjomba walitazama kupitia kioo. Ilipoanza, iligonga na kunguruma kama mtu anayepiga mabati kwa nyundo.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alizungumza na babu kwa kipaza sauti. "Mzee, fungua vidole, funga vidole. Vizuri. Pumzika." Halafu: "Sasa zuia pumzi mpaka nikwambie." Akarudia hivyo mara kadhaa.

"Anamfanyia mazoezi?" mjomba alinong'ona.

"Nyamaza," alisema mama.

Baadaye waliketi wote watano katika ofisi ndogo, na daktari akageuza kioo cha kompyuta ili waone. Palikuwa na kichwa cha babu, kimekatwa katikati kama tunda, cha kijivu, na juu yake madoa machache ya rangi ya machungwa.

"Watu hudhani mashine hii inapiga picha ya mawazo," daktari alisema. "Hapana. Inaona damu. Ukifungua vidole, sehemu ya ubongo inayoviendesha inafanya kazi, na anayefanya kazi huita chakula. Mishipa inafunguka, damu safi inafika, mashine inaiona. Rangi hii ni damu iliyoitwa ikaja."

"Ya baba mbona hafifu?" mama aliuliza.

"Hapo ndipo penye kazi. Picha ikiwa hafifu kuna njia mbili. Labda ubongo haukuita. Au ubongo umeita vizuri, ila mshipa umekakamaa, damu imechelewa na imekuja kidogo. Kwa picha ya vidole peke yake huwezi kujua. Mishipa ya mzee haifunguki kama ya kijana, kwa hiyo mtu anaweza kuitazama picha ya mzee akasema ubongo umelala, kumbe kilicholala ni mshipa."

"Na kuzuia pumzi?" Mjomba alikuwa amesogeza kiti mbele.

"Ukizuia pumzi, hewa chafu inaongezeka kwenye damu, na mishipa yote ya kichwa inapaswa kufunguka yenyewe, hata usipowaza kitu. Ya mzee imefunguka kidogo sana. Tena tazama hapa." Aligusa vidoa vyeupe, vidogo kama punje za chumvi. "Haya ni makovu. Mishipa midogo imeteswa na presha."

Alinyoosha mkono, mama akampa kadi. Daktari aliipitia kisanduku kwa kisanduku.

"Miezi minane, hajakosa hata siku moja," alisema, na uso wake ukawa mzito. "Basi nina habari isiyo nzuri. Mtu anayemeza kila siku asingekuwa na presha kama niliyompima leo. Ina maana kidonge hiki hakimfai tena. Nitamwandikia vitatu, vya nguvu zaidi, aanze kesho. Na kuhusu kusahau, kama mishipa imetibiwa miezi minane na hali inazidi, nahofia kuna ugonjwa mwingine ndani ya ubongo wenyewe. Huo hatuna dawa ya kuurudisha nyuma."

Mjomba aliinamisha kichwa. "Basi tumeshajua," alisema polepole. "Karakana tunafunga."

Babu alizitazama kuta za ile ofisi, akasimamisha macho kwenye kibao cha mlangoni kilichoandikwa kwa mashine, akasogeza midomo akikisoma.

Nukta alijiambia kwamba akisema, mama atamchukia. Akajiambia kwamba labda vidonge vipya vitamponya babu, na hakuna atakayejua. Lakini daktari alikuwa ameshashika kalamu, na kila neno aliloliandika liliegemea kwenye ile kadi, na ile kadi ilikuwa uongo mtupu.

"Siyo kweli," alisema.

Kalamu ikasimama.

"Nini siyo kweli?" daktari aliuliza.

"Alama. Sikumwona akimeza. Zamani nilimwona. Baadaye nilikuwa naziweka tu niende kucheza. Nyingine niliziweka kabla siku haijafika."

Mashine iliendelea kugonga kule ng'ambo ya ukuta, kichwa cha mtu mwingine kikiwa ndani.

Daktari aliweka kalamu chini, akamgeukia babu. "Mzee, ile dawa ya mishipa ulikuwa unameza?"

"Niliimeza," babu alijibu bila wasiwasi. "Mwanzoni, miguu ilipokuwa ikiuma. Huku nyuma ya goti, mshipa ulikuwa unavuta kama uzi wa chaki. Ulipolegea nikaacha. Dawa ya mishipa ya nini tena, na mishipa imepona? Vidonge nimeviweka kwenye kopo la brashi. Nilisema nisivitupe, siku mshipa ukikaza nitavitumia."

Mama alifunika uso kwa viganja.

Daktari alivua miwani. "Kwa hiyo kila tulipokuambia mshipa, wewe ulisikia wa mguu."

"Mshipa si mshipa?" babu aliuliza. "Mguu ukikakamaa ni mshipa. Mtu akiumwa jino anaambiwa ni mshipa wa fahamu. Ninyi mlisema mishipa, mimi nikachagua ule uliokuwa unaniuma."

"Ni kweli," alisema daktari. "Neno ni moja, na sisi hatukusema la pili. Tulipaswa kusema: mishipa ya damu, mzee, mpaka ile ya kichwani, na hiyo haiumi hata inapoharibika. Kosa hilo ni letu." Kisha akaichana karatasi aliyokuwa akiiandika. "Lakini sikiliza, binti. Mtu ambaye hakuwa akimeza hata kimoja, akianza vitatu vya nguvu kwa mpigo, presha inaweza kushuka ghafla akaanguka. Mimi ningemwangusha, na kalamu yangu ingekuwa imeongozwa na yako."

Nukta alilia kwa kimya, machozi yakidondokea sare ya shule. Mama hakumgombeza. Heri angemgombeza. Alikunja tu kitambaa chake cha kichwa mapajani, akakikunjua, akakikunja tena, kama shuka la hoteli.

"Ataanza kimoja, kile kile cha zamani," daktari alisema. "Kila siku, kweli kweli. Chumvi ipungue, atembee kila jioni na mtu wa kuongozana naye. Baada ya miezi saba mrudi tupige tena. Na karakana," alimgeukia mjomba, "usiifunge kwa picha hii. Hatujui bado kilicholala ni ubongo au ni mshipa."

Miezi saba ni mirefu kwa mtu aliyepoteza uaminifu. Mama alichelewa kazini kila asubuhi ili amwangalie babu mwenyewe, na bosi wake akampa onyo. Kwa wiki nyingi hakumwomba Nukta amezeshe wala atie alama. Nukta alichukua kazi ambayo hakuna aliyempa: kutembea na babu jioni. Kamba alimwita kuruka, akachoka kuita, halafu siku moja akaja kutembea nao. "Babu," alisema, "mimi na wewe tukipotea tutapotea pamoja, maana mimi hata hesabu ya kuhesabu mitaa sijui." Babu alicheka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alionyesha yeye njia ya kurudi.

Waliporudi hospitali, daktari aliweka picha mbili bega kwa bega. Katika ile mpya, babu alipozuia pumzi, rangi ilienea zaidi na mapema zaidi. Sehemu ya vidole nayo iliwaka, si kama ya kijana, lakini iliwaka.

"Ubongo ulikuwa unaita siku zote," daktari alisema. "Mishipa ndiyo iliyochelewa kujibu. Sasa inajibu kidogo zaidi. Sioni ule ugonjwa niliouhofia." Kisha akagusa zile punje nyeupe. Zilikuwa pale pale, na pembeni moja ilikuwa imeongezeka. "Haya lakini hayafutiki. Kilichokwisha kufa hakirudi. Tunachofanya ni kukilinda kilichobaki."

Mjomba aliafiki kwamba babu abaki nyumbani. Ngazi aliichukua yeye akaifunga juu ya lori lake. Karakana ilibaki wazi kwa vibao vidogo, vya kuandikwa mtu akiwa ameketi. Babu hakupotea tena njia. Lakini mkono wake haukuwa ule wa zamani. Herufi zenye tumbo, kama s na g, zilimtoka zimelala upande, na siku nyingine aliinua brashi akakaa nayo hewani, rangi ikikauka, akisubiri kitu ambacho hakikuja.

Alasiri moja Nukta alikaa chini karibu naye akisugua ubao kwa msasa. Aliuliza swali alilolibeba tangu siku ile ya ofisini.

"Babu, ningekuangalia ukimeza, ungekuwa mzima sasa?"

Babu alifuta brashi kwanza.

"Sijui," alisema. "Daktari naye nilimuuliza, hajui. Makovu mengine yalikuwepo kabla yako. Uzee nao una yake. Lakini mengine labda yasingekuwepo, mjukuu wangu, na sitakudanganya ili ulale vizuri. Mimi niliacha dawa kwa kuwa hakuna kilichoniuma. Wewe ulitia alama kwa kuwa hakuna aliyekuona. Tumefanya kosa la aina moja, sisi wawili."

Nukta aliacha kusugua.

"Nimeandika mabango miaka thelathini na kitu," babu aliendelea. "Kibao kikisema maziwa, mtu anatoka mbali na chombo chake mkononi. Akikuta hakuna maziwa, kibao hakina kosa, kibao ni mbao. Mwongo ni aliyeandika. Alama yako kwenye kadi ilikuwa neno. Daktari aliisoma akaja na chombo chake. Kwa hiyo usiandike kitu ambacho hukukiona, hata kiwe kidogo kama nukta. Na ukikosea, useme mapema, hata sauti ikitetemeka. Ulisema mbele ya watu wazima watatu wenye uso mzito. Ulichelewa, lakini ulisema, na ndiyo maana niko hapa, siko nyuma ya lango la mjomba wako."

Aliinamia kibao kilichokuwa mapajani mwake. Kilikuwa cha shule, cha kuwekwa penye bomba, na kilipaswa kusema: Funga maji. Alikuwa ameandika Fung, akasimama. Brashi ilingoja hewani.

"Inayofuata ni ipi?" aliuliza, bila haya.

"A, babu."

"A," alisema, akaiandika.